Kanisa la Mbao Lililosimamishwa Mara Tatu

Moto ulioteketeza kanisa la Fantoft, pembezoni mwa jiji la Bergen nchini Norwei, uliwashwa kwa makusudi tarehe 6 Juni 1992. Mbao kavu, zilizopakwa lami ya msonobari kizazi baada ya kizazi, zilishika moto upesi. Katika miezi iliyofuata makanisa mengine kadhaa ya nchi hiyo nayo yakachomwa.

Asili ya kanisa hilo si Bergen. Wenyewe ni wanakijiji wa Fortun, ndani kabisa ya ghuba ya Sogn, waliolijenga karibu na mwaka 1150. Mafundi wa zama hizo walikuwa wameshajifunza kwa hasara kwamba nguzo iliyochimbiwa ardhini huoza. Kwa hiyo walipanga mawe, juu yake wakalaza maboriti mazito, ndipo wakasimamisha nguzo. Kati ya nguzo na nguzo walipachika mbao za wima, kila ubao ukiingiza ulimi wake katika mfereji wa mwenzake. Unyevu wa ardhi haukuufikia mti, na jengo likadumu miaka zaidi ya 700.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1851, iliyotaka kila kanisa litoshe idadi kubwa zaidi ya waumini wake. Makanisa madogo ya mbao yakabomolewa mengi, na Fortun nao wakajenga jipya. Lile la kale lilinunuliwa na mfanyabiashara Fredrik Georg Gade, likafunguliwa kipande kwa kipande na kusimamishwa Fantoft mwaka 1883. Gade anastahili shukrani, ila haki isemwe: kijijini lilikuwa limeshabadilishwa sana, hivyo umbo alilolipa liliiga kanisa la Borgund. Tangu siku hiyo watu walikuwa wakitazama jengo lililo nusu la kale, nusu nakala.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoliita bandia hili la sasa, lililokamilika mwaka 1997. Ili kulijenga, maseremala walilazimika kuurudia ufundi uliokuwa umebaki ndani ya kuta za zamani tu, wakaupitisha mikononi mwao nguzo kwa nguzo. Urithi wa namna hiyo hauhifadhiwi kwa kutazamwa.

Anayetaka kuona mbao za karne ya 12 zenyewe na aende Urnes, katika manispaa ya Luster, ambako ndiko Fortun iliko. Kanisa la huko limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979, na ni mojawapo ya 28 tu ya aina hiyo yaliyobaki Norwei.