Mialiko Mingapi Inatosha?

Novemba iliyopita dada yangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa udaktari, alibandika karatasi kwenye friji ya mama. Aliorodhesha hospitali 17 zilizomwita kwenye usaili wa rezidensi, yaani ile miaka ya mafunzo hospitalini ambayo kila daktari wa Marekani lazima aipitie. Mama alipiga picha, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Wiki hiyohiyo binamu yetu, aliyesomea udaktari Dar es Salaam na sasa anaishi nasi, alikuwa na mialiko 2 tu. Wote wawili waliomba tiba ya magonjwa ya ndani. Mezani hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini tulipokuwa tunaosha vyombo dada aliniuliza: "Mdogo wangu, hivi nikienda kote 17, simnyimi mtu nafasi?"

Sikuwa na jibu. Mimi nasoma historia, kwa hiyo nilianza kuuliza swali hili limetoka wapi.

Zamani hali ilikuwa kinyume: hospitali ndizo zilizowakimbilia wanafunzi. Nafasi za mafunzo zilikuwa nyingi kuliko wahitimu, na kila hospitali ilitaka kuwahi kabla ya jirani yake. Mbio zikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, hadi miaka ya 1940 wanafunzi wengine walikuwa wanapewa nafasi karibu miaka 2 kabla ya kuhitimu, wakati hakuna aliyejua watakuwa madaktari wa namna gani. Mwaka 1945 vyuo vikakubaliana kutotoa alama wala barua za mapendekezo kabla ya tarehe maalumu.

Mbio za mapema zikaisha, zikaanza mbio nyingine. Sasa mwanafunzi alipigiwa simu na hospitali ya pili moyoni mwake huku bado anaisubiri ya kwanza. Aseme ndiyo, au angoje? Mwaka 1945 alipewa siku 10 za kufikiri. Muda ukafupishwa na kufupishwa tena. Mwaka 1949 vyuo vilipendekeza saa 12 tu, na chama cha hospitali kikakataa kwa kuwa ni muda mrefu mno! Mshika mawili moja humponyoka, lakini wanafunzi hawa hawakupewa hata nafasi ya kushika mawili.

Suluhisho lilikuwa kuacha simu na kutumia orodha. Mwanafunzi aandike hospitali anazozitaka kwa mpangilio, hospitali nayo iandike wanafunzi inaowataka, kisha ofisi moja iwaoanishe wote siku moja. Ndio mfumo unaoitwa Match. Mpango wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa na kasoro: mwanafunzi aliyeweka juu hospitali ngumu kuipata angeweza kuadhibiwa kwa tamaa yake na kuangukia mahali pabaya zaidi. Walioligundua hilo na kulipigia kelele walikuwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1951 walijipanga kitaifa, wakiongozwa na Hardy Hendren wa Harvard, ambaye baadaye alikuwa mpasuaji mashuhuri wa watoto. Kanuni ikabadilishwa kabla ya Match ya kwanza ya 1952. Mwaka huo kulikuwa na nafasi zaidi ya 10,000 kwa wahitimu wapatao 6,000.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1962, wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley waliandika makala kuhusu namna ya kuoanisha watu bila yeyote kuwa na sababu ya kuvunja ndoa yake. Hawakujua kwamba madaktari walikuwa tayari wanatumia kanuni ya aina hiyohiyo. Alvin Roth ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1984, na pia kwamba kanuni iliegemea upande wa hospitali. Kuanzia 1998 ikageuzwa ianze na matakwa ya mwombaji. Roth na Shapley walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Hapa ndipo swali la dada linapoingia. Katika kanuni ya sasa, kuongeza hospitali chini ya orodha yako hakukupunguzii nafasi ya kupata zile za juu. Kwa hiyo mwombaji anayejifikiria peke yake hana sababu ya kukataa mwaliko wowote. Lakini kwa kawaida hospitali haimweki kwenye orodha mtu ambaye haikumsaili, na siku za usaili zina mwisho. Mbio zilizoondolewa kwenye simu zimehamia kwenye mialiko.

Kwa muda mrefu nauli ilikuwa breki. Mwanafunzi alijilipia ndege, hoteli na suti, na pesa ilipoisha alikaa nyumbani. Mwaka 2020 korona ilihamishia usaili kwenye kompyuta, na breki hiyo ikakatika. Ikabidi fani zitafute nyingine, nazo zikabuni ishara: mwombaji anapewa idadi ndogo ya alama za kuzionyesha hospitali anazozipenda kweli. Fani ya masikio, pua na koo ilianza na msimu ule wa korona, nyingine zikafuata.

Takwimu za Match zenyewe zinasaidia kuamua. Kwa mwanafunzi wa chuo cha Marekani katika fani kubwa kama ya dada, uwezekano wa kupata nafasi unapanda haraka kwa hospitali chache za mwanzo, na akifikisha 10 hadi 12 kwenye orodha unapita asilimia 90. Baada ya hapo kila moja inaongeza kidogo sana. Kwa wageni waliosoma nje, wanaofanikiwa ni kama 3 kati ya 5. Mwaliko wa 17 kwa dada na mwaliko wa 3 kwa binamu si kitu kimoja hata kidogo.

Nilimwambia dada hayo yote. Alifuta 5 ambazo angeziweka chini kabisa, akaziandikia hospitali hizo mapema ili waite wengine.

Ijumaa ya Match mwezi Machi alipata hospitali ya 3 kwenye orodha yake. Zile 5 asingezifikia kamwe. Binamu hakupata. Labda hakuna hata moja kati ya zile 5 ambayo ingemwita. Hilo haliwezi kujulikana. Ataomba tena Septemba, na dada ndiye anayemsaidia kuandika barua yake.