Sainasi sugu: Kwa nini antibayotiki peke yake haziponyi

Mafua ya kawaida hupona katika muda wa siku saba hadi kumi. Lakini wapo watu ambao pua zao huziba miezi nenda miezi rudi, uso huwauma kila wanapoinama, na harufu ya kahawa au ya udi hawaisikii tena. Wengi hununua antibayotiki duka la dawa bila ya kupimwa, wakamaliza dozi moja baada ya nyingine, na hali ikabaki ile ile.

Ni ugonjwa gani?

Sainasi ni mashimo ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso: kwenye paji, mashavuni, baina ya macho, na ndani zaidi nyuma ya pua. Utando unaoyafunika kwa ndani hutoa ute, ambao hushuka puani kupitia njia nyembamba. Utando huo ukivimba, njia huziba na ute hutuama.

Ugonjwa huitwa sugu dalili zinapodumu kwa wiki 12 au zaidi. Kiini chake mara nyingi ni uvimbe wa muda mrefu, wala si vijidudu pekee. Mzio, pumu, moshi wa sigara, vinyama laini vinavyoota puani, hata jino bovu la taya la juu, huweza kuuchochea.

Tiba

Msingi wa tiba ni mambo mawili: kuosha pua kwa maji ya chumvi, na dawa ya kupuliza puani yenye steroidi. Dawa hiyo hutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa ndipo faida yake ionekane. Wengi huiacha mapema.

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kwa nusu lita ya maji. Maji hayo sharti yawe yamechemshwa na kupozwa. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walifariki dunia baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yenye amiba inayoshambulia ubongo.

Matone ya kuzibua pua haraka yasitumiwe kwa zaidi ya siku chache, kwani yakizoeleka pua huziba zaidi.

Hali isipobadilika, daktari bingwa wa masikio, pua na koo huchungulia kwa kamera nyembamba na kuagiza picha ya CT. Upasuaji unaopitia puani, ulioenea tangu miaka ya 1980, hupanua njia za sainasi bila ya kuuchana uso. Hata baada yake, kuosha pua na kupuliza dawa huendelea.

Dalili za hatari

Jicho likivimba, mtu akiona vitu viwili viwili, au homa kali ikiambatana na shingo kukakamaa, aende hospitali mara moja. Pua inayoziba upande mmoja tu na kutoa damu nayo ichunguzwe bila ya kuchelewa.