Kumbukumbu za Wapigaji wa Kale wa Jazz: Ushahidi wa Danny Barker wa New Orleans

Katika historia ya jazz mna pengo ambalo nyaraka peke yake haziwezi kuliziba. Santuri za kwanza za muziki huo zilitolewa mwaka 1917, na waliopiga walikuwa bendi ya Wazungu, Original Dixieland Jass Band. Lakini mjini New Orleans watu weusi walikuwa wakiulea muziki huo tangu kabla ya mwaka 1900. Buddy Bolden, mpiga tarumbeta ambaye wengi humhesabu kuwa wa kwanza, hakuna santuri yake hata moja iliyopata kuonekana. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, akafa mwaka 1931. Basi kumbukumbu za wazee zikikataliwa zote, mwanzo wa jazz utakuwa mali ya wale waliotangulia kufika mbele ya chombo cha kunasia sauti.

Miongoni mwa waliozihifadhi kumbukumbu hizo ni Danny Barker, mpigaji wa banjo na gitaa, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1909. Babu yake, Isidore Barbarin, alipiga katika Onward Brass Band, bendi ya matarumbeta iliyosindikiza mazishi na maandamano. Na mjomba wake, Paul Barbarin, alikuwa mpiga ngoma mashuhuri. Mwaka 1930 Barker alihamia New York, na tangu mwaka 1939 hata 1946 alikuwa katika bendi ya Cab Calloway. Mwaka 1965 akarejea kwao. Wakati wote huo aliwauliza wazee waliomtangulia, akaandika waliyoyasema. Kitabu chake, A Life in Jazz, kilitoka mwaka 1986.

Thamani ya ushahidi huo yaonekana katika jambo dogo. Barker alipomwuliza babu yake habari za Bolden, mzee alikiri kwamba alimjua, lakini kwa neno la dharau akasema kuwa sifa zake zilikuwa kwa watu wa hali ya chini. Jibu hilo halimtukuzi yeyote, na kwa sababu hiyo lafaa kuaminiwa. Latufunulia mpaka uliowatenga wapigaji wenyewe: upande mmoja waliosoma nota na kulinda heshima ya bendi, upande wa pili waliopiga kwa sikio katika kumbi za dansi. Hati ya serikali isingaliweza kulihifadhi neno lile wala sauti ya mdharau.

Hata hivyo, kumbukumbu ina hila zake. Mwaka 1965 Barker alichapisha habari ndefu za Bolden kama zilivyosimuliwa na mzee aitwaye Dude Bottley; baadhi ya watafiti wamehukumu kuwa mzee huyo ni kiumbe cha sanaa ya Barker, aliyeunganishwa kwa maneno ya watu wengi. Bunk Johnson naye alidai kuzaliwa mwaka 1879 na kupiga pamoja na Bolden. Wachunguzi wa baadaye wameona kuwa yaelekea alizaliwa miaka kumi baadaye. Jelly Roll Morton, ambaye Barker alimkuta Harlem, alidai mwaka 1938 kuwa yeye ndiye aliyeibuni jazz mwaka 1902, hali wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Donald Marquis alipotoa kitabu chake mwaka 1978, baada ya kupekua kumbukumbu za mji, ilidhihirika kuwa Bolden hakuwa kinyozi wala mhariri wa gazeti, ingawa kitabu cha Jazzmen cha mwaka 1939 kilikuwa kimeyaeneza yote mawili.

Haifuati kwamba wazee hao ni waongo tu. Yafaa kupambanua. Mzee asemapo nani alitangulia, husema kwa ajili ya heshima yake, na hapo hapana budi atafutiwe shahidi wa pili. Asemapo jinsi bendi ilivyotembea nyuma ya jeneza, nani alisoma nota na nani hakusoma, au ujira uligawanywa vipi, hana sababu kubwa ya kupotosha, na mara nyingi hapana mwingine ajuaye. Kwa kutambua hayo Chuo Kikuu cha Tulane kilianza mwaka 1958 kukusanya sauti za wapigaji wa kale wa New Orleans, wengi wao wakiwa wazee sana.

Jambo hili lawahusu pia watafiti wa Kiswahili. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Lakini katika majina hayo neno jazz halikumaanisha muziki wa Bolden, bali bendi ya dansi ya kisasa. Neno lilisafiri, maana ikageuka. Jinsi ilivyogeuka haikuandikwa katika kamusi. Iliishi vinywani mwa wapigaji na wachezaji. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Lakini sharti wazee waulizwe wangali hai, na majibu yao yapimwe kwa adabu na kwa makini.