Geuza Nguo Kabla ya Kuuliza Bei

Kitui na Makueni hulimwa pamba, lakini ukishuka Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, nguo nyingi zilizotundikwa zimetoka ng'ambo. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba iliingia kwa wingi, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu vikafungwa. Kazi ya kukagua imebaki kwetu wanunuzi.

Mimi huigeuza nguo kwanza. Mshono uwe wa karibu karibu, usiachane ukivutwa. Pindo liwe na ziada, mtoto akirefuka fundi alishushe. Kitambaa nakiinua kwenye mwanga. Kikipitisha macho, nakirudisha. Mtumba nautazama kwapa na magoti, ndiko kunakoanza kuchakaa. Leso naisugua pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, itachuja.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hizi kibaya nacho hupigwa pasi. Tupige hesabu: shati la shilingi 800 likidumu miaka 2 ni 400 kwa mwaka, la 300 likichanika kila miezi 6 ni 600. Mwenye watoto 4 ameokoa 800. Huo ni unga wa nyumba.