Vifaa vilivyotuhangaisha na maneno viliyotuachia

WATAALAMU wa istilahi wana desturi moja ambayo imenishughulisha kwa muda. Chombo kipya kikiingia nchini, wao hukitafutia jina kulingana na kazi ambayo kinapaswa kufanya. Kinachonasa sauti ni kinasasauti. Kinachodhibiti kutoka mbali ni kidhibitimbali. Kinachong'amua mawimbi ni king'amuzi. Mwananchi wa kawaida naye, aliyekinunua chombo chenyewe kwa pesa zake na kukileta nyumbani, huunda maneno kulingana na jinsi kinavyomhangaisha. Wiki hii ningependa tufuate historia ya maneno haya ya pili, kwa sababu ndiyo yanayopotea upesi zaidi na ndiyo ambayo kamusi zetu huyaruka.

Kabla ya kufika huko, tulitazame neno simu. Asili yake ni Kiajemi, sim, yaani madini ya fedha au waya. Lilipoingia katika Kiswahili lilimaanisha telegrafu. Kebo ya chini ya bahari iliunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, na kwa miaka mingi baadaye mtu aliyesema amepiga simu alikuwa ametuma maandishi, hakuzungumza na yeyote. Mawasiliano yasiyotumia waya yalipokuja, watu wakasema 'simu ya upepo'. Ukilitafakari, jina hilo linajipinga lenyewe: waya wa upepo! Lakini hakuna aliyelalamika, likatumika. (Wapo wanaodhani kwamba jina la ile kadi ndogo ya SIM limetokana na simu. La hasha. Hicho ni kifupisho cha Kiingereza kinachohusu utambulisho wa mteja. Kufanana huko ni sadfa tu.)

Sasa tuje kwenye redio. Matangazo yalianza nchini Kenya mwaka 1928, ila yalilenga walowezi, na redio za wakati huo zilikuwa masanduku ya valvu yaliyokula umeme kwa fujo. Transista ndiyo iliyoibadilisha hali. Redio ndogo ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitokea Marekani mwaka 1954, na katika miongo miwili iliyofuata redio za aina hiyo zikafika hadi vijiji ambavyo havikuwa na nyaya za stima, na nyingi ya sehemu hizo zilikaa hivyo kwa miaka mingi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza Juni 1957, na ya Deutsche Welle ikafuata 1963. Ndipo tukajifunza kusema 'masafa mafupi', 'masafa ya kati' na 'mitabendi', maneno ambayo vijana wa leo hawana haja nayo kabisa.

Hata hivyo, neno lililotawala maisha ya redio halikutangazwa na idhaa yoyote. Lilikuwa mawe. Vitabu vilisema betri. Watu walisema mawe ya redio, mawe ya tochi. Aliyewahi kushika yale mapande manne mazito hahitaji kuelezwa sababu. Mawe yalikuwa ghali, na yaliisha wakati usiofaa, aghalabu katikati ya taarifa ya habari au mpira ukiwa dakika za mwisho. Kwa hivyo yalianikwa. Ukipita vijijini ungeyaona yamepangwa juu ya bati au kwenye ukuta, yakiota jua kama mahindi.

Wapo waliocheka desturi hiyo wakiiita ushamba, lakini ilikuwa na msingi. Betri ya zinki na kaboni hufanya kazi kwa mmenyuko wa kemikali ambao hupungua kasi kadiri dawa iliyo ndani inavyochakaa kandokando ya kijiti cha kaboni. Ikipumzishwa na kupashwa joto, kemikali husambaa upya na mmenyuko hufufuka kidogo. Nguvu mpya haiongezeki hata chembe, bali ile iliyobaki hupatikana. Nusu saa ya redio ilitoka hapo, na nusu saa ilitosha taarifa ya habari.

Kutokana na mawe tulipata neno jingine: moto. Mkenya husema 'simu haina moto' au 'peleka simu ikawekwe moto'. Mwalimu wa lugha hukata kwa wino mwekundu na kuandika 'chaji'. Mimi sioni chaji, lililokopwa juzi tu, linazidi moto kwa lipi. Tunawasha taa, tunawasha redio, tunazima zote mbili. Tayari lugha imeuchukulia umeme kuwa moto. Aliyesema betri imeishiwa moto alifuata mantiki hiyo hiyo hadi mwisho.

Kaseti nayo ilikuwa balaa ya aina yake. Kampuni ya Philips iliizindua mwaka 1963. Ndani mlikuwa na utepe wenye upana usiofika milimita nne, uliovutwa kati ya kijiti cha chuma na kigurudumu cha mpira kwa mwendo usiotimia sentimita tano kwa sekunde. Mpira ukishika uchafu, utepe ulinata na kujizungusha humo, na ghafla msemaji akameza maneno yake. Hapo ndipo kilio kilisikika nyumba nzima: 'Redio imekula kanda!' Zile kaseti za dakika 120, ambazo kila mtu alizitamani kwa sababu ziliingia nyimbo nyingi, ndizo zilizoliwa zaidi, kwa kuwa utepe wake ulifanywa mwembamba ili utoshee. Dawa ilikuwa kalamu ya wino yenye pembe sita, ambayo iliingia sawasawa katika tundu la kaseti. Ulizungusha taratibu ukiomba Mungu. Kuna waliozungushia kalamu hata kaseti nzima isiyo na kasoro, ili wasimalize mawe kwa kurudisha nyuma. Na mawe yakianza kuisha, mwendo ulipungua, sauti ya mwanamke ikageuka ya mwanamume mlevi.

Wanaisimu wangefurahia kujua ni kwa nini chombo hiki kimoja kilituletea ngeli tatu. Wapo wasemao kanda hii imekatika, wengine ukanda huu, na kwa majirani zetu Tanzania mkanda huu. Zote zimetoka kwenye neno lile lile la kipande kirefu chembamba, na sidhani kuna haja ya kutangaza mshindi sasa, maana chombo chenyewe kimeondoka kabla ya ubishi kuisha.

Kuhusu televisheni nitasema machache. Ilianza nchini mwaka 1962, na huko mashambani iliendeshwa kwa betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kutiwa moto. Moto ukipungua, picha ilisinyaa kutoka pembeni hadi watu wote wakawa wembamba. Mtoto mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena, mwingine mlangoni akipokeza ujumbe: 'Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitisha!' Zile punje nyeupe zilizojaa kwenye kioo Watanzania waliziita chenga, kama chenga za mchele, na hadi leo mtu asiyeelewa jambo atakuambia anaona chenga tu. Seti zenyewe, kwa kuwa zilikuwa na nyuma iliyotokeza, wakaziita TV za chogo. Hilo jina halikuhitajika hadi zile bapa zilipokuja. Kisha Februari 2015 mitambo ya analogia ikazimwa kwetu, vituo vikuu vya kibinafsi vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, na neno king'amuzi, ambalo lilikuwa likisikika Tanzania tangu Dar es Salaam izime mitambo yake mwishoni mwa 2012, likapata wasemaji kwa lazima.

Kati ya maneno yote ya aina hii, ninalolienzi zaidi ni mulika mwizi. Ndizo zile simu ndogo zenye tochi, ambazo Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilizieneza kote; inasemekana zaidi ya milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Wengi huliona jina hili kuwa mzaha wa mtaani. Litazame muundo wake. Ni kitenzi kikifuatwa na nomino, bila kiambishi chochote mbele, sawa kabisa na zimamoto na pimamaji, ambayo hakuna mhariri anayeyatilia shaka. Linganisha na kinasasauti na kipazasauti, ambayo yanabeba kiambishi ki-. Mwananchi hakusoma mofolojia, lakini alichagua njia iliyo ndani ya lugha tayari. Iweje basi zimamoto liwe sanifu na mulika mwizi liitwe utani?

Upande wa pili lipo nukushi. Hiyo ni faksi. Nchini Kenya wengine walipendekeza kipepesi. Utalikuta nukushi katika vichwa vya barua rasmi za Tanzania, kati ya simu na barua pepe, na nambari kando yake. Ni neno zuri, limechongwa vyema, lina nafasi kwenye kamusi. Sijawahi kusikia mtu akilitamka kwa mdomo wake akiwa na shida ya faksi. Mashine iliondoka maofisini wakati jina lilikuwa likizoea kiti.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nyingine. Nina kaseti kumi na moja za mahojiano niliyofanya na wazee kuhusu methali na nyimbo za jando, enzi ambapo kinasasauti kilikuwa kifaa cha lazima kwa mtafiti wa fasihi simulizi. Wengi wa wazee hao wameaga dunia. Wenzangu katika idara mbalimbali wana sanduku kama langu chini ya meza. Kuvu imeota kwenye baadhi ya tepe, na mashine za kuzichezesha zimekuwa adimu kuliko kaseti zenyewe. Mwaka jana nilimpata fundi wa redio ambaye bado ana moja inayovuta utepe bila kuula. Alisafisha ule mpira kwa spiriti, akaweka kaseti ya kwanza, akaunganisha waya kwenye kompyuta. Dakika chache baada ya kuanza, mzee anayehojiwa anakatiza methali yake na kuniuliza kama mawe yangu yatafika mwisho wa hadithi.

Kufikia sasa tumenusuru mbili. Tisa ziko kwa fundi.