Mti Ule Ule: Ubebeshaji na Kumbukumbu za Miti katika Nchi ya Uha

Mgeni afikaye Ujiji kutazama mnara wa Livingstone huonyeshwa miembe miwili, akaambiwa kwamba asili yake ni mwembe ule ambao chini yake Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa kwanza umekwisha kufa zamani. Hii miwili, kwa mapokeo ya mji, ilipatikana kwa kubebesha: vikonyo vilikatwa katika mti wa kale vikaunganishwa na miche mingine. Wageni wengi huyasikia maneno hayo, wakapiga picha, wakaenda zao. Lakini katika neno hilo moja, kubebesha, mna jambo lipasalo kumshughulisha mwanahistoria. Kwani kama mapokeo ni ya kweli, mwembe ule haukufa.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe ni nini. Mbegu ya tunda hupandwa ikatoa mche, na mche ule hukuzwa mpaka unene wake uwe kama wa kalamu ya risasi. Huo ndio mche wa chini, na kazi yake ni kutoa mizizi. Kisha huchaguliwa mti mkubwa ambao matunda yake yanajulikana na kupendwa, likakatwa tawi changa lenye unene ule ule; hicho ndicho kikonyo. Mche wa chini hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati, kikonyo huchongwa ncha mfano wa kabari, na kabari ile hutiwa katika ufa. Siri yote iko katika utando mwembamba ulio baina ya gome na mti wenyewe. Utando huo ndio ulio hai na ndio unenepeshao shina, na usipogusana wa juu na wa chini, hakuna kitakachoshika hata mkono wa fundi uwe mwepesi namna gani. Jeraha hufungwa kwa ukanda wa nailoni ili maji yasiingie, na mche hukaa kivulini. Vichipukizi vikifumbuka baada ya majuma matatu au manne, mtu hujua kwamba miti miwili imekuwa mmoja: chini yu mwingine, juu yu mwingine.

Watu hawakutaabika hivyo kwa upuuzi. Mbegu haina uaminifu. Ni mtoto wa miti miwili, na kama mtoto ye yote huweza kufanana na mama, au na baba, au asifanane na mtu. Katika Japani uko mti mdogo uitwao momiji, ambao majani yake yamepasuka mfano wa vidole vya mkono. Kwa sababu hiyo mtaalamu wa mimea Carl Peter Thunberg aliupa mwaka 1784 jina la Kilatini Acer palmatum. Mbegu mia za mti mmoja wa momiji huweza kuleta miche yenye majani ya namna nyingi: haya mapana, haya yamechanika kama nyuzi, haya mekundu, haya kijani. Mwaka 1710 mtunza bustani Itō Ihei wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, alitoa kitabu kilichoorodhesha aina 36 za mti huo. Aina ya namna hiyo, mara ikipewa jina, haiwezi kuhifadhiwa kwa mbegu. Huhifadhiwa kwa kisu na mkono. Mwembe nao una mambo hayo hayo. Wareno waliokaa Goa katika karne ya 16 waliibebesha miembe ya nchi ile, na embe mashuhuri la Alphonso hata leo lina jina la Afonso de Albuquerque. Mfano wa karibu zaidi ni parachichi la Hass. Lilianza kwa mche mmoja uliootoka kwa mbegu katika shamba la Rudolph Hass huko California, naye akaupatia hataza mwaka 1935. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002, lakini kila mparachichi wa Hass ulioko duniani ni sehemu ya mwili wake, imepandishwa juu ya mizizi ya mti mwingine.

Basi turudi Ujiji. Embe ni mgeni wa kale katika Afrika ya Mashariki. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa maembe mabichi yaliyotiwa siki, na neno lenyewe embe ni ndugu wa amba wa Kihindi. Kutoka pwani mti huo ulifuata misafara. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji yatambulikana hata leo mahali pengi kwa safu za miembe, kwa maana watu walikula njiani na kupanda walipokaa. Ni wazi kwamba miembe mingi ya njia ile ilitoka kwa kokwa. Je, miwili ya Ujiji? Iko njia ya tatu ambayo wasimulizi huisahau. Ziko aina za maembe ambazo kokwa lake moja hutoa miche kadhaa, na katika hiyo mingi huwa ni mama mwenyewe tena, wala haina baba. Kwa hiyo yawezekana mwembe ukapandwa kwa kokwa na bado ukawa ni mti ule ule. Kipimo cha kuikata shauri hii kipo siku hizi: jani moja kutoka kila mti latosha kuonyesha kama miwili ile ni mwili mmoja au ni ndugu tu. Ikionekana kuwa ni mwili mmoja, mapokeo yatakuwa yamepata nguvu kubwa, ingawa hayatakuwa yamethibitishwa.

Hata hivyo haifai kuukabidhi mti kazi isiyo yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Stanley asema kwamba baada ya kusalimiana walikwenda barazani kwa Livingstone, wakaketi juu ya kiambaza cha udongo chini ya upenu mpana, na kikao cha mzee kilikuwa mkeka uliotandikwa ngozi ya mbuzi. Tarehe nayo ina mashaka. Kibao cha ukumbusho chasema 10 Novemba, kwa kumfuata Stanley. Shajara ya Livingstone yaelekea mwisho wa Oktoba, kwani wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa maradhi. Penye maandiko yenye kupingana hivyo, si ajabu watu wa mji kuukamata mti. Mti hauandiki tarehe, lakini husimama.

Stanley alifika Ujiji kwa kupita kusini mwa Uha. Alitozwa hongo mara baada ya mara, hata mwisho akaamua kuwapitisha watu wake kwa siri usiku, mbuzi na kuku wakinyamazishwa. Kwa sababu hiyo nchi ya juu, yaani Heru, Muhambwe na Buyungu, ilibaki mbali na njia ya misafara na mbali na safu za miembe. Nyabibuye, iliyo leo kata ya Wilaya ya Kakonko (wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012), ilikuwa katika Buyungu. Anayetafuta huko kumbukumbu ya miti asitafute mwembe kwanza.

Waha wa milimani hawakukaa katika vijiji vilivyosongamana. Kila mji ulikuwa peke yake juu ya kilima, migomba yake nyuma na uzio wake mbele. Na hapa ndipo yaonekana jambo ambalo wapenzi wa bustani za Japani wangelitambua mara moja: miti iliyothaminiwa sana haikutokana na mbegu. Mgomba wa kuliwa hauna mbegu. Hung'olewa chipukizi na kupandwa kwingine, na mgomba wa mjukuu ni mgomba wa babu. Kadhalika ile miti ya jamii ya mtini ambayo gome lake lilipondwa likawa mbugu, nguo ya zamani ya Waha kama ya majirani zao. Gogo lake likichomekwa ardhini mwanzo wa mvua hutoa mizizi, likawa uzio, kisha likawa mti. Waganda, ambao ustadi wao wa mbugu ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, huutofautisha mutuba wao kwa majina mengi, na kila aina huendelezwa kwa vipande vya mti wenyewe. Katika Rwanda, ambako lugha ni ndugu wa Kiha, miti iliyosalia mahali palipokuwa na makao ya wafalme huitwa ibigabiro, nayo yatambulikana hata baada ya nyumba kuoza zote. Uzio umekuwa msitu mdogo, na msitu mdogo umekuwa hati.

Kinachofanana hapa na ubebeshaji ni wazo lililo nyuma ya kisu: kwamba mti waweza kuhamishwa bila kubadilika. Mwenye mji akihama alichukua kipande. Akiwa na nafasi ya kuchukua.

Nafasi hiyo haikupatikana sikuzote. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, iliwahamisha watu wengi wa Uha kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja. Kibondo ni mojawapo ya sehemu zilizoguswa sana. Nyuma yao pori lilirudi. Wakati huo huo vijana walikuwa wakienda Tanga kukata mkonge kama manamba, na huko, pengine bila kuambiwa na mtu, walifanya kazi ndani ya mfano mkubwa kupita yote wa mti mmoja kuwa wengi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika Tanga iliyokuwa hai ilikuwa 62, na mashamba yale makubwa yalianzia hapo, kwa machipukizi na vichipukizi vya mlingoti, si kwa mbegu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Kaya zilizokuwa vilimani zilipelekwa katika vijiji vya kando ya barabara. Mtu aliyepewa siku chache kuhama huchukua watoto, mbuzi, jembe na magunia. Migomba inayozaa na miti ya uzio hubaki. Waandishi wa habari za vijiji vya ujamaa wamehesabu nyumba na shule na visima, na ni sawa, lakini hasara ya miti idumuyo haikupewa safu katika hesabu. Baada ya Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, wakimbizi wengi waliingia Kibondo na Kasulu. Kambi zilihitaji kuni kila siku, na miti ya mahame haikuwa na mtu wa kuitetea.

Ndiyo sababu ubebeshaji katika bustani ya nyumbani si mchezo wa wenye nafasi. Umezoeleka sana katika Tanzania kwa mikorosho, kwa kazi ya kituo cha Naliendele huko Mtwara, na kwa miembe na miparachichi. Si kila mti waukubali. Mchikichi, ulio fahari ya Kigoma na ambao kituo cha TARI Kihinga huushughulikia, hauna ule utando wa kuzunguka shina; huo na mgomba havibebeshwi kwa njia hii ya bustani, na mchikichi wa nyumbani hurudi kwa mbegu. Lakini mwembe na mparachichi vyaitikia. Na zaidi ya hayo, kikonyo cha mti mzima huja na utu uzima wake: mti uliobebeshwa huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, hali wa mbegu ungali ukijenga shina.

Mtu wa Nyabibuye aliye na mwembe wa kale katika hame la babu yake anaweza basi kuuleta nyumbani. Miche ya chini huanzishwa kwa makokwa mapya, kwa sababu kokwa likikauka hufa. Tawi la mti wa kale huchaguliwa lisilo na maua, nalo hunyonyolewa majani kiasi cha siku saba hadi kumi kabla ya kukatwa, ili macho yake yavimbe. Kisu kiwe kikali na safi. Yote hayo hutaka mti wa kale uwe bado umesimama, kwani kikonyo kilichokwisha kukatwa, hata kikifungwa katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini, hudumu siku chache tu. Baada ya hapo hakishiki.