Ua la Umalila, Chandarua cha Kyela

Nimezaliwa Umalila, Mbeya, na kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kuchuma pareto, ua lenye sumu inayoua mbu. Unalikata ua kwa vidole viwili na kuacha kikonyo shambani, maana mnunuzi halipii mabua. Jioni baba aliyageuza maua mkekani kwa kiganja, kisha tukayaingiza ndani kabla umande haujashuka. Yaliyolowa yaliota ukungu, na jasho la wiki mbili likaishia jalalani.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kuuza pareto duniani. Vita ilipoitoa sokoni, nafasi yake ilichukuliwa na mashamba ya Kenya na ya Nyanda zetu za Juu Kusini. Pareto hutaka baridi. Isipoipata huota majani tu bila maua. Kwa hiyo ilistawi palepale ambapo mbu wa malaria ni adimu. Tuliolima sumu ya mbu tulilala bila chandarua.

Uzito wa jambo hilo niliuona nilipopangiwa kazi ya uuguzi Kyela, bondeni kwenye mbu tele. Mtoto wa kule aliyeumwa malaria mara nyingi tangu akiwa ananyonya, na Mungu akamvusha, akifika miaka mitano mwili wake huwa umeshaizoea vita hiyo. Watu wangu wa milimani walioteremka kuvuna mpunga hawakuwa na kinga hiyo. Walikuja wanaume wenye nguvu zao: homa ya jioni, kutetemeka, kisha maneno yasiyoeleweka, kisha kimya. Daktari D. Bagster Wilson, aliyechunguza malaria Tanganyika tangu miaka ya 1930, alikuwa ameandika juu ya kinga inayojengwa kwa kuumwa mwaka baada ya mwaka. Mimi niliisoma vitandani mwa wagonjwa.

Sumu ya pareto ina udhaifu mmoja: jua huivunja upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza pemethrini, dawa iliyoundwa kwa kufuata umbo la sumu ya ua lile, lakini yenye kustahimili jua. Dawa za jamii hiyo ndizo tulizochovyea vyandarua kwenye mabeseni, tukiwaomba akina mama warudi baada ya miezi sita. Wengi hawakurudi. Sikuwalaumu; njia ni ndefu, na mvua ya Kyela si ya kuambiwa.

Kilichotuokoa na mabeseni ni uzi. Wahandisi wa Sumitomo, Japani, waliichanganya pemethrini na plastiki ya poliethilini ingali imeyeyuka, kisha wakaivuta kuwa nyuzi za vyandarua. Ya juu ikiondoka kwa kufuliwa, iliyo ndani hujitokeza polepole. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza vyandarua hivyo hapahapa nchini.

Mbu nao walibadilika, wakawa na vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijawaua. Utafiti wa Muleba, Kagera, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo, viliwakinga watoto zaidi kuliko vya kawaida. Nilifurahi mno kusoma kwamba PBO ilibuniwa miaka ya 1940 ili kuipa nguvu pareto yenyewe.

Mdogo wangu bado analima. Nilipomtembelea, magunia yake yalikuwa ukumbini yakisubiri lori la kiwandani Mafinga, Iringa. Nilimpelekea chandarua. Alikishika, akakivuta uzi kwa kucha, kisha akakikunja na kukitia kwenye begi la safari ya kwenda kuvuna mpunga.